Monosakaridi: sukari isiyovunjika tena

Sukari unayotia kwenye chai si monosakaridi. Huwa naanza na sentensi hiyo kila ninapofika mada ya kabohaidreti na kidato cha tano, na kila mwaka darasa hugawanyika. Wapo wanaonukuu tu kama nilivyosema, maana mtihani hausubiri. Wapo wanaoinua mkono: "Mwalimu, si umesema monosakaridi ndiyo sukari ya kawaida kuliko zote? Sasa hii ya dukani ni ipi?" Hao wa pili ndio ninaowaandikia leo, pamoja na yeyote aliyewahi kulikariri neno hili, akalijibia mtihani, kisha likamtoka kichwani bila kumwambia lilikuwa linasema nini.

Neno lina vipande vitatu. "Mono" ni Kigiriki, maana yake peke yake, moja tu. Mwishoni kuna "-idi", mkia wa kikemia uleule unaoukuta kwenye oksidi na kloridi. Katikati kuna "sakari", na hapo ndipo huwa nasimama kidogo, kwa sababu mwanafunzi anayeogopa neno hili analo nusu yake nyumbani, kwenye kopo juu ya kabati.

Tuanzie India. Kisanskriti kilikuwa na neno "sharkara", maana yake changarawe, vile vijiwe vidogo vinavyokwaruza chini ya ndala. Watu wa huko walipojua kuchemsha maji ya miwa mpaka yakakauka na kuacha chembe, chembe zile waliziita kwa jina hilohilo. Zilionekana kama changarawe na zilisagika menoni kama changarawe. Katika Kipali, lugha nyingine ya kale ya huko, neno likatamkwa "sakkhara". Wagiriki walipolisikia wakaliandika "sakkharon".

Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, aliieleza kama aina ya asali iliyoganda, ipatikanayo kwenye matete ya India na Arabuni, ngumu kiasi cha chumvi na yenye kuvunjika menoni kama chumvi. Aliitaja kama dawa: unaiyeyusha katika maji na kuinywa kwa ajili ya tumbo, kibofu na figo. Hakuna anayesoma maelezo yake akafikiria chai.

Katika karne hiyohiyo mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake halikubaki, aliandika mwongozo wa safari unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea. Ndio huohuo unaoitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, ambalo wanahistoria wengi huliweka mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania. Mwandishi anaorodhesha bidhaa zilizotoka Barygaza, ambayo leo ni Bharuch huko Gujarat, kuja kwenye bandari za pwani ambayo sasa ni ya Somalia: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, vitambaa vya pamba, na asali ya matete iitwayo "sakkhari". Yaani neno lililozaa monosakaridi lilishafika upande wetu wa Bahari ya Hindi, likiwa limefungwa pamoja na mchele na samli, karne nyingi kabla ya kuwepo darasa la kemia. Sijui kwa nini jambo hili halimo kwenye vitabu vya shule. Lingechukua mistari miwili tu.

Tawi jingine la neno lilipita Uajemi likawa "shakar", likaingia Kiarabu likawa "sukkar", na kwa majahazi likatufikia sisi likawa sukari. Tawi la Kigiriki likaingia Kilatini kama "saccharum", na wanasayansi wa Ulaya, waliopenda kuchota majina kutoka kwenye lugha hizo mbili, wakalifanya mzizi wa kila kitu kinachohusu utamu. Kwa hiyo tunapoandika ubaoni "monosakaridi ni sukari", tunawakalisha pamoja mabinamu wawili waliopotezana kwa karne nyingi. Sukari guru nayo, ile ya mabonge ya kahawia, imebeba neno jingine la Kihindi, "gur". Na sakarini ina jina la ukoo bila kuwa na damu yake. Iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Ni tamu mno, lakini kwa muundo haihusiani na sukari hata kidogo.

Sasa, moja ya nini?

Jibu limo katika kitendo cha kuvunja, na kitendo hicho wanawake wa Songea, Iringa na Mbeya wanakifanya tangu zamani wanapotengeneza togwa. Unapika uji wa mahindi, mzito kweli, mwiko unasimama. Unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu wa kuvumilika kwa kidole. Kisha unatia kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Unakoroga. Kinachotokea dakika chache baadaye kinastahili kutazamwa kwa makini: uji haujawa mtamu bado, lakini umeshalegea. Mwiko uliokuwa umesimama unalala. Uzito ule ulikuwa wa nyuzi ndefu za wanga zilizovimba kwa maji, na vimeng'enya vya kimea, vile vichochezi vya asili vya kuvunja chakula, vimeanza kuzikatakata. Ukiuonja mapema utakuta ladha ya uji tu. Ukisubiri, utamu unaanza kuja polepole, na hakuna aliyetia sukari. Uchachu unakuja baadaye kabisa, kazi ya bakteria, kesho yake. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, togwa haiji, kwa sababu vimeng'enya vimeungua. Bibi yeyote anayejua kazi yake atakwambia hivyo, ila atasema kimea kimekufa.

Mwaka 1811, huko St. Petersburg, mkemia Gottlieb Kirchhoff alifika hapohapo kwa njia nyingine. Alichemsha wanga katika maji yenye asidi kidogo ya salfuriki, na wanga ukageuka kuwa sharubati tamu. Jambo lililomshangaza ni kwamba asidi ilibaki yote, haikupungua. Ulaya ilikuwa katika vita vya Napoleon, sukari ya miwa kutoka ng'ambo ilikuwa adimu, na habari ya kutengeneza sukari kutokana na viazi ilipokelewa kwa shangwe. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot akafanya kituko kikubwa zaidi: alichukua matambara ya kitani, akayashughulikia kwa asidi ya salfuriki, akapata sukari. Nguo kuukuu ikawa kitu cha kulamba. Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz wakatoa kwenye kimea cha shayiri kitu chenye uwezo wa kuuvunja wanga bila asidi, wakakiita diastase. Kutoka kwenye mkia wa jina hilo tumepata "-ase" ya vimeng'enya vingi, amilase, laktase na wenzao. Ni kitu cha jamii ileile kinachofanya kazi kwenye togwa.

Hapo wakemia wakawa na swali la kawaida kabisa. Sukari inayotoka kwenye wanga, inayotoka kwenye zabibu, inayotoka kwenye asali: ni sukari ngapi? Mwaka 1838 kamati ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, yenye Thénard, Gay-Lussac, Biot na Dumas, ilipitia utafiti wa Eugène Péligot na kutoa uamuzi: sukari ya zabibu, ya wanga, ya asali na ile ya kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari ni kitu kimoja. Wakapendekeza kiitwe glukosi, kutokana na Kigiriki "gleukos", maji matamu ya zabibu zilizotoka kukamuliwa. Mkia wa jina hilo, "-ose", kwetu "-osi", ukageuka kuwa muhuri wa ukoo mzima: fruktosi, galaktosi, maltosi, laktosi, sukrosi, ribosi.

Sukari nyingine zilipovunjwa kwa asidi au kimeng'enya, zikatoa vipande. Maltosi, ile iliyojaa kwenye togwa, ikatoa glukosi mbili. Laktosi ya maziwa ikatoa glukosi na galaktosi. Sukrosi, sukari yetu ya dukani, ikatoa glukosi na fruktosi. Lakini glukosi yenyewe, ukiichemsha na asidi hiyohiyo, haitoi sukari nyingine ndogo zaidi. Fruktosi haitoi. Galaktosi haitoi. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ukoo ukapangwa kwa hesabu ya vipande: zenye kipande kimoja, monosakaridi, viwili, disakaridi, vingi, polisakaridi. "Moja" ni idadi ya vipande unavyobaki navyo baada ya kuvunja.

Hesabu yenyewe inavutia ukiiandika. Glukosi ni C6H12O6. Fruktosi ni C6H12O6 vilevile. Zijumlishe na utapata C12H24O12. Lakini sukrosi ni C12H22O11. Pengo ni H2O, molekuli moja ya maji. Kila sukari mbili zinapoungana, maji hutoka. Kila zinapoachana, maji huingia. Ndiyo maana kuvunja huku kunaitwa haidrolisisi, kuvunja kwa maji, na ndiyo maana sukari kavu ya dukani inaweza kukaa kabatini miaka bila kuachana.

Wanafunzi hujikwaa kwenye neno "rahisi". Kitabu kikisema sukari rahisi, wao huelewa sukari nyepesi, isiyo na madhara, au ile ya bei nafuu. Ndiyo sababu mimi hutumia "sukari sahili", na nikiona bado panaleta utata nasema monosakaridi moja kwa moja. Usahili wake ni wa kutovunjika kuwa sukari nyingine, basi. Haina maana kwamba haiharibiki. Mwili unaivunja glukosi kila sekunde, mpaka inaishia kuwa kaboni dayoksaidi unayopumua na maji. Lakini vile vipande vya njiani si sukari tena. Na muundo wake ukiuangalia, sidhani kama utapata hamu ya kuuita rahisi.

Mtu aliyejua ugumu wake ni Emil Fischer, Mjerumani. Sukari ni wasumbufu maabara: hazigandi vizuri, zinanata, zinabaki kama sharubati isiyoonyesha mipaka yake. Fischer alikuwa amegundua kemikali inayoitwa fenilihidrazini mwaka 1875, na kuanzia 1884 akaitumia kuzigeuza sukari kuwa fuwele za njano ambazo angeweza kuzitenganisha na kuzitambua. Tatizo lilikuwa hili: nadharia ilisema kwamba sukari zenye kaboni 6 za aina ya glukosi lazima ziwe na maumbo 16, yote yakiwa na atomi zilezile kwa idadi ileile. Yanatofautiana kwa jinsi vikundi vya atomi vilivyoelekea tu, huku au kule. Glukosi ni lipi kati ya hayo 16? Mwaka 1891 alitoa jibu, kwa hoja tupu na matokeo ya majaribio, bila chombo chochote cha kuona molekuli.

Hoja ile ilikuwa na sehemu moja ambayo hakuwa na namna ya kuithibitisha. Maumbo huja kwa jozi, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na majaribio yake hayakuweza kusema glukosi ya asili ni mkono upi. Akachagua mmoja ili kazi iendelee. Wakemia wa dunia nzima wakajenga juu ya uchaguzi huo kwa miaka 60, mpaka mwaka 1951 Johannes Bijvoet na wenzake huko Utrecht walipotumia mionzi ya eksirei kwenye fuwele za chumvi ya asidi ya tartari na kukuta kwamba Fischer alibahatisha sawasawa. Angekosea, michoro yote ya sukari vitabuni ingebidi ipinduliwe. Yeye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902 na akafariki 1919, baada ya kuteseka kwa miaka na sumu ya fenilihidrazini ileile iliyomfungulia njia.

Kwa kusema kulia na kushoto, kuna mambo mawili yanayochanganywa, mkono wa molekuli na upande ambao sukari inauzungusha mwanga, na mfuko wa dripu ndio unaoyaleta mezani. Mfuko umeandikwa "Dextrose 5%". Ndugu wa mgonjwa anauliza kwa nini daktari alisema glukosi na hapa pameandikwa kitu kingine. Ni kitu kilekile. Lita moja ina gramu 50 za glukosi. Jina hilo la pili linatokana na Kilatini "dexter", kulia, kwa kuwa glukosi iliyoyeyushwa ikipitishiwa mwanga uliochujwa uwe na mwelekeo mmoja, inauzungusha kwenda kulia. Fruktosi inauzungusha kushoto, tena kwa nguvu zaidi, ndiyo maana zamani iliitwa levulosi, kutokana na "laevus". Sukrosi nzima inauzungusha kulia. Ikivunjwa, mchanganyiko unaobaki unauzungusha kushoto, maana fruktosi inaishinda glukosi. Augustin-Pierre Dubrunfaut, mtu wa viwanda vya sukari Ufaransa, aliitenga fruktosi mwaka 1847 akichunguza mgeuko huohuo. Viwanda bado huita mchanganyiko ule sukari iliyopinduliwa.

Na nyuki huipindua kila siku. Utamu wa maua una sukrosi nyingi, nyuki ana kimeng'enya cha kuivunja, na kinachobaki kwenye masega ni fruktosi kama asilimia 38, glukosi kama asilimia 31, maji asilimia 17 au 18, na mengineyo kidogo. Hapo ndipo ugomvi wa sokoni unapoanzia. Umenunua asali ya Tabora, asali ya miombo, nyeusi kidogo. Umeiweka. Baada ya miezi, hasa baridi ikiingia, unakuta chini ya chupa kuna utando mweupe wa chembechembe unaopanda juu taratibu. Unamrudia muuzaji: "Umenichanganyia sukari!" Muuzaji anaapa kwa mama yake. Mara nyingi anaapa kwa haki.

Chota zile chembe kwa kijiko, zichuje asali kadiri uwezavyo, uziweke ulimini. Zinasaga kidogo, halafu zinapoyeyuka unasikia ubaridi, na utamu wake ni hafifu kuliko wa asali iliyo juu. Sasa fungua pakiti ya unga wa glukosi, ule ambao wachezaji wa mtaani huulamba wakati wa mapumziko, uweke ulimini. Ubaridi uleule, utamu hafifu uleule. Zile chembe ni glukosi. Fruktosi inapenda maji, inabaki imeyeyuka. Glukosi haiyeyuki kwa urahisi kiasi hicho, na asali ina maji kidogo, kwa hiyo glukosi inatoka na kuganda. Maua yanayotoa glukosi nyingi hutoa asali inayoganda upesi. Tumbukiza chupa katika maji ya moto kiasi na chembe zitarudi kuyeyuka. Kuganda si ushahidi wa uchakachuaji, na kutoganda si ushahidi wa usafi. Asali iliyotiwa sharubati yenye fruktosi nyingi inaweza kukaa majimaji mwaka mzima. Wahindi waliotoa jina la changarawe walikuwa wakitazama sukrosi ya miwa, lakini chini ya chupa hii changarawe ni monosakaridi yenyewe.

Galaktosi nitaipitia haraka. Jina linatokana na Kigiriki "gala", maziwa, na ni asili moja na neno la galaksi, maana Wagiriki waliuona ule mkanda mweupe wa angani kama maziwa yaliyomwagika. Inatofautiana na glukosi kwenye kaboni ya 4 peke yake: kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni kimeelekea upande mwingine. Kwenye maziwa haiji peke yake; imeshikana na glukosi ndani ya laktosi, na inahitaji laktase kuachana nayo. Watu wazima wengi duniani laktase yao imepungua, wakinywa maziwa mabichi tumbo linajaa gesi. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliowahusu watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba jamii za wafugaji huku zina mabadiliko yao wenyewe ya kijeni yanayoiacha laktase ifanye kazi ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya. Anayesema Mmasai amezoea maziwa tu hajakosea, ila mazoea hayo yamefika mpaka kwenye vinasaba.

Ribosi ndiyo yenye jina la ajabu kuliko zote. Kulikuwa na sukari ya kaboni 5 iliyoitwa arabinosi, kwa ajili ya gundi ya Kiarabu, ule utomvu wa migunga unaokusanywa hasa Sudan, ambao Ulaya iliupa jina la Uarabuni kwa sababu uliwafikia kupitia wafanyabiashara Waarabu. Mwaka 1891 Fischer na Oscar Piloty walitengeneza kutoka kwenye arabinosi sukari nyingine isiyokuwa na jina. Wakachukua herufi za jina la kwanza, wakazidondosha baadhi, wakazichanganya, wakapata "ribose". Haina maana yoyote katika lugha yoyote. Baadaye ikagundulika kwamba sukari hiyo na dada yake aliyepungukiwa oksijeni moja ndizo zinazoshikilia RNA na DNA. Herufi D katika DNA inaanzisha neno, deoksiribonyukleiki, ambalo ndani yake kuna mabaki ya gundi ya mgunga wa Kordofan, Sudan, na huwa nawaambia wanafunzi walikumbuke hilo siku wakisikia watu wanasema "iko kwenye DNA yake".

Nirudi kwenye ile sukari ya mkojo iliyotajwa mwaka 1838, kwa sababu ndiyo inayowagusa watu wengi kuliko fuwele za Fischer. Kiswahili kinaita ugonjwa kisukari, na mtaani tunasema tu "ana sukari" au "sukari imepanda". Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka ukakauka, akabaki na kitu cheupe chenye chembechembe ambacho kwa harufu na ladha alikifananisha na sukari ya kahawia. Aliona pia kwamba majimaji ya damu yake yana utamu. Mwaka 1815 Michel Chevreul akathibitisha kwamba ni ileile sukari ya zabibu. Kwa hiyo sukari iliyopanda kwenye damu si sukari uliyokoroga kwenye kikombe. Sukrosi haizunguki kwenye damu. Imevunjwa ukutani mwa utumbo kabla ya kuingia. Kinachopanda ni glukosi, iwe ilitoka kwenye soda, kwenye ugali, kwenye wali au kwenye ini la mgonjwa mwenyewe aliyelala njaa.

Kipimo cha kidoleni kinapima glukosi peke yake. Kijiti kina kimeng'enya kinachoitambua hiyo na kuiacha fruktosi ipite. Ndiyo maana nesi anayejua kazi anakuambia unawe mikono kwa maji na sabuni, ukauke, ndipo akuchome. Ukimenya embe na kufuta mikono kwenye kanga, glukosi ya embe inabaki kwenye ngozi, tone la damu linaichukua, na mashine inatoa namba ya kutisha ambayo si yako. Na anayemwambia mgonjwa kwamba asali haina neno kwa sababu "ni sukari ya matunda", yaani fruktosi, amesahau ile glukosi ya asilimia 31 iliyotulia chini ya chupa.

Kwa kawaida mwili unavunja sukrosi haraka kiasi kwamba tofauti ya mono na di haionekani. Pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji, kwa kuwa glukosi na sodiamu huingia kwa mlango mmoja ukutani mwa utumbo na maji huzifuata. Pakiti ikikosekana, tunafundishwa kutumia sukari ya nyumbani, vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita ya maji safi, na inafanya kazi, maana utumbo unamalizia kazi ya kuvunja.

Lakini kuna dawa ya kisukari inayoitwa akabosi, ambayo kazi yake ni kuvizuia vimeng'enya hivyo vya ukutani ili wanga na sukrosi vivunjike polepole. Mgonjwa anayeitumia pamoja na insulini, siku sukari ikimshuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, ndugu watakimbilia kumpa chai yenye sukari nyingi au soda iliyotiwa sukari ya miwa. Sukrosi itafika utumboni na kukaa hapo, haivunjiki upesi, na damu inaendelea kukosa. Huyo anatakiwa apewe glukosi, unga wa pakiti uliokorogwa kwenye maji, kwa sababu imeshakuwa moja na haina cha kuvunjwa.